Shule ilijua watoto wana matumbwitumbwi ikanyamaza, sasa kijana wangu yuko kitandani

Wazazi wa Kakamega na hapa karibu, someni hii hata kama ni ndefu maana nimekasirika vibaya sana na nikinyamaza nitapasuka.

Wiki mbili zimepita tangu msichana wangu wa gredi ya tano arudi shule shavu moja limefura. Nikadhani ni jino. Kesho yake la pili likafura, kumeza mate ni shida, nikampea chungwa akalitema akalia, kumbe kitu chochote kikali kinaumiza zaidi kwa sababu kinachofura ni zile tezi za mate zenyewe. Nikapigia mwalimu wa darasa nimwambie mtoto haji. Akaniambia, "Hata wako mama? Basi wamefika tisa." Tisa! Darasa moja! Nauliza imeanza lini, naambiwa wiki ya pili ya muhula. Na hapo tulikuwa wiki ya saba.

Wiki tano jameni. Wiki tano mnaona watoto wakifura mmoja baada ya mwingine, wanakunywa maji na kikombe kimoja pale kwa tangi, na kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi kila siku ni pesa ya karatasi, pesa ya tripu, soksi ziwe rangi gani, lakini ugonjwa hakuna hata mstari mmoja. Nilienda ofisini mwenyewe. Nikaambiwa hawakutaka kutia wazazi wasiwasi mtihani ukikaribia, na ati huu ni ugonjwa wa kawaida wa watoto, hata sisi tuliugua tukapona.

Ndio, tuliugua. Mimi nilikuwa kwa nyanya yangu, nikabebeshwa kuni kichwani, nikazungushwa mti, unazitupa hapo chini halafu unakimbia mpaka nyumbani bila kuangalia nyuma, na ukiangalia nyuma inakurudia. Nilipona, na wengi hupona wenyewe kwa wiki moja au mbili maana ni virusi, mwili unapigana navyo. Nyanya nampa heshima yake, alifanya alichojua na hakuficha mtu, boma lote liliambiwa watoto wa pale wanaumwa wasisogee. Sasa shule yenye walimu waliosomea kazi ndiyo inaficha?

Na haikuwa kazi kubwa. Mtoto akifura akae nyumbani siku tano, basi. Na mzazi aambiwe, kwa sababu huu ugonjwa unaanza kuambukiza hata kabla shavu halijafura, na kuna watoto wanaoupata bila kufura kabisa, halafu aliyeambukizwa leo anakaa wiki mbili mpaka tatu ndio aonekane mgonjwa. Sasa ukinyamaza wiki tano umeshaupeleka kila nyumba.

Kwangu ulifika kwa kijana wa gredi ya tisa, shule ni hiyo hiyo. Ana miaka kumi na tano. Alifura mashavu siku tatu baada ya dadake, nikaona ni yale yale, nikampa uji na dawa ya maumivu, uvimbe ukaanza kushuka nikashukuru Mungu. Halafu homa ikarudi kwa nguvu. Akakataa kula, akawa anatembea polepole akishika ukuta, ukimuuliza anasema ni tumbo. Siku mbili ananiambia ni tumbo. Saa nne usiku ndugu yangu ananipigia kutoka Bungoma ananiambia dada, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi, amenipigia analia, korodani moja imefura. Mtoto alikuwa chumba cha pili, ukuta tu ndio ulitutenganisha, akaona aibu kuniambia mamake akatafuta mjomba.

Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Angalikuwa anajua, mtu awe amemwambia mapema kwamba kwa kijana aliyebalehe huu ugonjwa unaweza kushuka huko chini, hangekaa siku mbili na ule uchungu akidhani amefanya kitu kibaya. Daktari alituambia kwa vijana waliobalehe ambao hawana chanjo inaweza kufika hata watatu kwa kila kumi. Si kitu cha nadra hicho! Akasema mara nyingi ni upande mmoja na kukosa uzazi kabisa hutokea mara chache sana, akamwambia mwenyewe usoni bila kuzunguka, na nilimshukuru kwa hilo. Tena unaweza kufika kwa utando wa ubongo, kuna hata wanaopoteza kusikia. Na lile duka la dawa lililoniuzia amoksilini mara ya kwanza, hiyo pesa nilitupa, dawa ya bakteria haifanyi kitu kwa virusi.

Sasa nikauliza swali la mjinga, nikasema lakini huyu mtoto ana chanjo zote. Nilikuwa nimebeba kitabu cha kliniki mpaka hospitali. Zote zimepigwa muhuri. 2016 ile kampeni kubwa ya ukambi na rubella alikuwa chekechea akadungwa. Kifunga mimba wangu ana ya miezi 9 na ya miezi 18, na Julai 2025 walipokuja tena na ile ya taifodi nilipeleka wote. Nesi akanionyesha, mama, hapa ni MR, ni ukambi na rubella, matumbwitumbwi haimo, ya serikali haina, hiyo yenye M mbili, MMR, ndiyo iko na matumbwitumbwi, na inanunuliwa kwa kliniki za watu binafsi.

Miaka kumi na tano nakaa kwa benchi za kliniki na hakuna mtu aliwahi kuniambia! Usiku nikasoma kwa simu nikakosa usingizi. Ile chanjo virusi vyake vilitolewa kooni kwa msichana wa miaka mitano huko Marekani 1963, babake, Maurice Hilleman, alikuwa mtengenezaji wa chanjo, mtoto akaugua naye akampangusa koo akaenda nayo maabara, 1967 ikaruhusiwa. Leo nchi zaidi ya 120 zinawapa watoto wao kwa ratiba ya kawaida. Najua pesa ya serikali ni kidogo na ukambi ndio unaua, sikatai waanze nao, lakini niambie haimo nijipange mwenyewe. Wiki jana nimepanda matatu mpaka Kisumu kumtafutia kifunga mimba, elfu mbili na mia tano, huku hatukupata. Hata hiyo dozi moja haitoshi, atarudi ya pili, na kama tayari ameambukizwa shuleni kwa wenzake haitamzuia safari hii.

Na tafadhali msije hapa na mambo ya chanjo ni mbaya. Shida yangu ni kwamba hakuipata.

NIMEONGEZA: Mliouliza, homa imeshuka, bado analala na mto katikati ya miguu lakini amekula. Leo shule imetoa memo, inasema "kuna homa ndogo ndogo, wazazi wazingatie usafi". Homa ndogo ndogo! Nikaandika kwa grupu jina la ugonjwa, siku tano za kukaa nyumbani, na kwamba wenye vijana wakubwa wawaulize kwa upole kama kuna mahali pengine panauma. Admin akafuta. Nimeandika tena.