Wachezaji wa gemu langu la bure wamegawanyika, naombeni ushauri

Mruko_wa_Usiku (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Nimetengeneza gemu la kurukaruka majukwaani, mtindo ule wa zamani: pikseli kubwa kubwa, rangi chache, muziki wa milio ya kompyuta, mioyo mitatu juu kushoto. Bure kabisa, unapakua unacheza. Nimelifanya peke yangu, usiku, baada ya kazi.

Shida ni maoni. Wengine wanasema tamu, limewarudisha utotoni. Wengine wanatukana. Kuna aliyeandika "gemu hili lina ugomvi binafsi na mimi". Sasa sijui nilegeze au nikaze hapo hapo. Usingizi sipati. Nisaidieni, ila matusi nimeshashiba.

Mzee_wa_Kaseti
Usilegeze hata kidogo. Super Mario Bros ya 1985 tuliicheza bila kusevu. Maisha yakiisha, unaanza moja. Mdogo wangu alikuwa anachomoa waya makusudi nikifika dunia ya nane. Leo ana watoto wakubwa na bado sijamsamehe. Vijana wa sasa wanataka kubebwa.

Binti_Kitufe
Mzee wangu, kwenye Mario ile maisha yakiisha, ukifika ukurasa wa mwanzo unashikilia A halafu unabonyeza Start. Unarudi mwanzo wa dunia uliyofia. Ujanja huo umo humo siku zote.

Mzee_wa_Kaseti
Miaka yote hii??

Fundi_Fremu
Mtoa mada, wanalalamikia nini hasa? Mara nyingi mtu akisema "gumu" anamaanisha kidole kilibonyeza na mhusika hakuruka. Ndiyo maana watengenezaji wazuri huweka msamaha kidogo: mhusika akishatoka ukingoni bado anaruhusiwa kuruka kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Gemu la Celeste linafanya hivyo, na hakuna anayeliita laini.

Halafu kagua kama mwendo umeufunga kwenye fremu, yaani zile picha moja moja ambazo skrini inazibadilisha. Gemu la hivyo ukilipima kwenye skrini ya hezi 60 (picha 60 kwa sekunde), kwenye skrini ya hezi 144 linaweza kukimbia mara 2.4. Huenda wanaokusifu na wanaokutukana hawachezi gemu moja.

Mruko_wa_Usiku
Shukrani mkuu. Mwendo nimeufunga kwenye saa, siyo fremu, na kuruka kunaitika vizuri. Wengi wanalalamika kwamba ukifa unarudishwa mbali.

Fundi_Fremu
Kwani sehemu za kusevu umeziweka wapi?

Mruko_wa_Usiku
Zipo.

Fundi_Fremu
Nimeuliza wapi.

Mruko_wa_Usiku
Zipo kwa wanaochangia. Mchango mdogo tu, kusevu kunafunguka. Gemu lenyewe linabaki bure, mwenye uvumilivu atalimaliza bila kutoa kitu. Naomba tusilikuze hili jambo, swali langu lilikuwa ugumu.

Dogo_Pikseli
Hahaha, ngazi katoa bure, vidato anauza.

Binti_Kitufe
Kutaka hela siyo kosa. Daisuke Amaya alihangaika na gemu lake, Cave Story, peke yake miaka kama mitano, akaitoa bure 2004. Vituo vya kusevu vimo vyote, vimechorwa kama disketi. Baadaye yakaja matoleo ya kulipia yenye picha mpya na muziki mpya, ile ya bure ikabaki nzima. Spelunky hivyo hivyo: ya bure 2008, ya kuuza yenye sura mpya 2012. Hao waliuza nyongeza. Wewe unamuumiza mtu kwanza, ndipo unamuuzia nafuu.

Mruko_wa_Usiku
Hao wana majina, mimi nani ananijua? Na kompyuta, umeme, muda wangu, nani analipa? Isitoshe, ukisevu kila kona msisimko unakufa. Kwangu ukiguswa mara moja tu unarudi mwanzo wa hatua, na hiyo ndiyo roho ya gemu.

Binti_Kitufe
Amaya naye mwaka 2004 nani alikuwa anamjua?

Ustadhi_Kibodi
Kijana, riziki ya kumbana mwenzio haina baraka. Mimi nilikuwa mtu wa SuperTux, yule pengwini, programu huria, haikudai chochote. Nilicheza mpaka mke wangu akauliza kama nimemuoa yeye au ndege. Nikafuta. Kisha nikaipakua tena, maana ni bure.

Jicho_la_Kunguru
Ngojeni kwanza. Hii ni chai. Mwanzoni katuambia mioyo mitatu juu kushoto. Sasa anasema ukiguswa mara moja unarudi mwanzo. Mioyo mitatu ya nini, mapambo? Uzi umefika hapa hakuna jina la gemu, hakuna hata picha. Mnamshauri mtu asiye na gemu.

Dogo_Pikseli
Kweli aisee. Tupia picha mkuu, la sivyo tunafunga kijiwe.

Ustadhi_Kibodi
Na mimi nimeshamwombea dua.

Mruko_wa_Usiku
Gemu lipo jamani. Jina sikulitaja kwa sababu mngesema nimekuja kujitangaza. Mioyo mitatu ni toleo mnaloweza kupakua leo. Kuguswa mara moja ni toleo jipya, nimeshalikamilisha, linapanda Ijumaa.

Binti_Kitufe
Subiri. Watu wamelia kwamba ni gumu, wewe ukaondoa mioyo?

Mruko_wa_Usiku
Sijaiondoa. Nimeihamishia kwa wanaochangia.

Jicho_la_Kunguru
Nafuta kauli. Mtunga chai angeona aibu kuandika hivi.

Fundi_Fremu
Kwa hiyo hukuja kuuliza, ulikuja kutafuta wa kukuunga mkono. Sikiliza basi: rudisha mioyo, rudisha kusevu, vyote bure. Ukitaka kila mtu apate ugumu wake, mwachie achague mwenyewe. Celeste ina sehemu ya msaada, mchezaji anapunguza kasi ya gemu hadi nusu au anajiwekea asife kabisa, wala haimtozi zaidi. Hela itafute kwenye muziki, michoro, hatua za ziada.

Mruko_wa_Usiku
Nimekuelewa mkuu, lakini Ijumaa nimeshaitangaza, nikigeuka nitaonekana sina msimamo. Labda nirudishe moyo mmoja.

Dogo_Pikseli
Huo mmoja bei gani?