Mrejesho: breki za Nissan Leaf yangu

Wiki tatu zilizopita niliuliza hapa kama ni sawa gereji moja kunidai shilingi 28,000 kubadilisha pedi na diski zote, eti ndiyo sevisi ya kawaida ya gari la umeme. Asanteni nyote, hasa aliyeniambia pedi zipimwe kwanza kabla sijatoa pesa.

Nilipeleka gari kwa fundi mwingine, Industrial Area. Kumbe pedi za mbele bado zina milimita 8! Mota ndiyo inayopunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo pedi haziliki sana. Shida ilikuwa kinyume kabisa: pini za kalipa za nyuma (vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski) zilikuwa zimeshika kutu kwa kukosa kazi. Akazisafisha, akapaka grisi, akabadilisha mafuta ya breki (hayo hunyonya unyevu hata gari likikaa tu). Jumla 6,500.

Ule ushauri wa kukanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa ili kutoa kutu ulisaidia upande wa kulia pekee. Diski ya kushoto nyuma imeshachimbika, na asubuhi za mvua bado inapiga kelele. Nitaibadilisha mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia.