Mbu waliobadilishwa jeni waje Ziwa Victoria, au kwanza tumalize kazi ya mitego ya Rusinga?

Natoa hoja hii nikiwa Nyalenda, Kisumu. Mwezi uliopita nimelala hospitalini siku tatu na mtoto wa dada yangu, malaria imempanda kichwani. Kwa hiyo swali hili kwangu si la vitabuni.

Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliihariri jeni moja ya mbu Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, wakaifanya irithiwe na karibu wazao wote badala ya nusu. Jike akiipata kutoka kwa wazazi wote wawili, hawezi kuuma wala kuzaa. Ndani ya vizimba, mbu waliisha katika vizazi 7 hadi 11. Sasa wako wanaosema dawa ya kanda yetu ndiyo hiyo.

Mimi nasema bado. Hapa kwetu, kisiwani Rusinga, kati ya 2013 na 2015, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walitundika mitego inayonuka kama binadamu: vipande vya nailoni vyenye amonia, asidi ya maziwa na harufu nyingine za ngozi, pamoja na kemikali inayomdanganya mbu kwamba kuna mtu anapumua. Feni iliendeshwa kwa umeme wa jua, na paneli hiyohiyo ikawapa watu taa na chaji ya simu. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2016: mbu aina ya Anopheles funestus walipungua kwa asilimia 69.2. Waliopimwa na kukutwa na malaria walikuwa asilimia 23.7 penye mitego, na 34.5 pasipo na mitego. Hiyo si kazi ya kuwekwa kabatini. Nani ana hoja?

Mkulima wa mpunga, Ahero
Dada, pole kwa mtoto. Lakini umeruka jambo moja. Hao waliopungua ni funestus. Utafiti huohuo haukuona tofauti kwa mbu mwingine wa malaria, Anopheles arabiensis, na sisi wa mashamba ya maji huyo ndiye jirani yetu. Huyo anauma hata nje, anauma hata ng'ombe. Saa moja jioni mama watoto yuko jikoni nje, mimi nafunga mifugo, na chandarua kiko kitandani kinatungoja. Mtego wa ukutani utamkuta wapi?

Mwanafunzi wa biolojia, Maseno
Naunga mkono jeni. Mtego unataka betri, unataka harufu ibadilishwe, unataka fundi katika kila boma. Mbu aliyebadilishwa anajisambaza mwenyewe. Tena pua ya mbu ni ngumu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 watafiti walizima jeni muhimu ya kunusa kwa mbu wa homa ya dengi, na bado aliwafuata watu palipokuwa na hewa ya kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa tukipumua. Mwaka 2022 ikaonekana seli moja ya neva katika kinusio chake hubeba vipokezi vya aina kadhaa. Ukiziba mlango mmoja, anapitia mwingine. Utamdanganyaje mdudu kama huyo miaka nenda miaka rudi?

Mwenye hoja
Mzee wangu wa Ahero, hapo umenishika, na nakubali. Nilisema Rusinga kana kwamba Rusinga ni Nyanza nzima. Mashamba ya mpunga yanahitaji mtego mwingine, wa nje.

Mdogo wangu wa Maseno, utafiti uliouleta nausoma tofauti. Kama pua ya mbu ina milango mingi, basi harufu moja haitoshi, na ndiyo maana Rusinga walichanganya kadhaa. Kuijua pua hiyo kunazidi kuwezekana. Oktoba 2024 ilitoka ramani nzima ya ubongo wa inzi wa matunda, seli za neva zaidi ya 139,000. Kompyuta zenye akili unde zilifuatisha nyuzi za seli hizo, watu wakasahihisha makosa. Siku mbu naye atakapochorwa hivyo, tutajua ni mchanganyiko upi unaomvuta na kwa njia ipi. Nataka vijana wa Maseno wawe mezani siku hiyo.

Kinachonizuia kwa hao wa jeni ni ridhaa. Mwenye nyumba aliyechoka na mtego huutoa ukutani. Mbu wa jeni hana wa kumtoa, na ziwa hili ni la nchi tatu. Burkina Faso waliachilia mbu madume tasa waliobadilishwa jeni mwaka 2019 kijijini Bana, tena hao hawakuwa na jeni ya kujisambaza, na bado Agosti 2025 serikali ikasimamisha mradi. Sisemi serikali ile ilipatia au ilikosea. Nauliza ni nani atakayekaa na wavuvi wa Usenge, wa Busia ya Uganda na wa Musoma kabla ya kizimba kufunguliwa. Ukinionyesha mpango huo, nitausoma kwa moyo mweupe, kwa sababu nimeuona usiku ule wa degedege na sitaki kuuona tena.

Mzee, nisaidie kitu. Jioni mnapoumwa mkiwa nje, ng'ombe huwa wamefungwa umbali gani na jikoni? Na upepo kutoka mashambani unaanzia kwao au kwenu?