Mboji inanuka, nyanya zinaungua, kabichi zinakatwa usiku: naombeni ushauri

Mgeni wa Jembe
Habari zenu wakuu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda mboga na niko karibu kukata tamaa. Mboji nilitengeneza mwenyewe: maganda, mabaki ya mboga na majani mabichi, nikarundika na kufunika kwa nailoni. Baada ya wiki 5 nikaichanganya na udongo na kuhamishia miche siku ileile. Ilikuwa inanuka vibaya, lakini nilidhani mboji ndivyo ilivyo.

Sasa nyanya zimeungua kingo za majani. Kabichi, kila asubuhi nakuta mche mmoja au miwili umekatwa shinani kama kwa wembe, umelala hapo hapo. Iliyobaki ina vidudu vya kijani chini ya majani, majani yamejikunja na yananata, sisimizi wanapanda na kushuka. Nimepuliza dawa mara mbili. Wadudu walipotea siku chache, wakarudi wengi kuliko mwanzo. Ning'oe vyote? Miche hii niliisia mwenyewe tangu mbegu, inaniuma sana.

Tuta la Nne
Pole sana mkuu. Using'oe. Hiyo haikuwa mboji bado. Lundo lenye mabichi matupu, tena limefunikwa nailoni, linakosa hewa na kuoza badala ya kuiva. Ndani yake kuna amonia na asidi zinazounguza mizizi, na kingo za majani ndiko unakoona matokeo. Fukua taratibu kuzunguka nyanya, toa vipande unavyoviona, kisha mwagilia maji mengi mara moja ili mabaki yashuke chini. Baada ya hapo usizidishe maji.

Lundo lenyewe bado linafaa. Changanya majani makavu au nyasi kavu, ndoo 2 au 3 kwa kila ndoo ya mabichi, na uligeuze kila wiki. Chukua kiasi mkononi ukamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ongeza makavu. Liwe na kimo na upana wa kama mita 1, dogo zaidi ya hapo halishiki joto.

Bi Mchicha
Wanaokata kabichi ni sota, viwavi wa udongoni. Toka usiku na tochi, au asubuhi fukua sentimita 3 hivi kandokando ya mche uliokatwa. Utamkuta amejikunja kama pete. Muue. Kila mche uliobaki uvalishe kola ya karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo, nusu juu. Dawa ya majani haimfikii vizuri kwa sababu mchana kutwa yuko chini.

Mwagiliaji
Badilisha dawa, chukua kali zaidi. Hao wa kijani wanazoea.

Bi Mchicha
Ndugu Mwagiliaji, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Hao ni vidukari, na jike huzaa bila dume, kwa hiyo wachache waliopona wanatosha kujaza jani tena. Dawa kali huwaua pia walaji wao, hasa yule mdudu wa mgongo wa duara mwenye madoadoa, pamoja na watoto wake. Ukimuua huyo, vidukari wanabaki peke yao. Sisimizi wanafuata ule utamu unaonata na wanawalinda vidukari. Mgeni, waondoe kwa maji ya nguvu chini ya majani, kisha pulizia maji ya sabuni jioni: kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita 1. Jaribu jani moja kwanza, usubiri siku moja. Rudia kila baada ya siku 4 au 5.

Mgeni wa Jembe
Nimerudi baada ya siku 12. Usiku wa kwanza nilikuta sota 7. Saba! Tangu niweke kola hakuna mche uliokatwa. Vidukari wamebaki kwenye kabichi mbili tu. Lundo nimechanganya majani makavu, harufu imekata na katikati lina joto la kuchoma mkono. Nitajuaje limeiva? Na yale majani ya nyanya yaliyoungua niyaache?

Tuta la Nne
Joto hilo ni dalili njema. Litakapopoa lisipate joto tena hata ukiligeuza, likanuka udongo, usiweze kutambua ganda wala jani, jaza kidogo kwenye kopo na usie mbegu za mchicha. Zikiota vizuri, tumia. Majani yaliyoungua hayaponi. Kata yanayogusa udongo tu, mengine bado yanaulisha mmea.