Nimepata uzamivu wa virusi Glasgow, ajira ya Tanga niiache?

MtotoWaNgamiani: Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 31, niko maabara hapa Tanga, ajira ya kudumu. Nimepata ufadhili wa miaka minne kusomea mageuko ya virusi vya RNA (vile ambavyo urithi wao umeandikwa kwa RNA, si DNA). Mama anasema ajira haiachwi. Usingizi sipati. Nishaurini.

Kapteni wa Pangani: Baridi ya kule usiifanyie mchezo. Shemeji yangu alikwenda kusomea uhasibu, karudi na kikohozi na deni.

Bi Mkubwa: Mwanangu, radhi ya mama kwanza.

Fundi Saa: Virusi vitakulisha? Soma mambo ya bandari, hapo hapo mjini.

MtotoWaNgamiani: Si mshahara tu, ndugu zangu. Virusi vingi vya RNA vikijinakili havina msahihishaji (vya korona ndivyo vina wake), makosa yanarundikana upesi. Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa kwetu, Newala, 1952. Mwaka 2005 na 2006, kisiwani Réunion, badiliko moja tu kwenye ganda la kirusi likakiwezesha kuenea vizuri kwa mbu wa aina nyingine. Moja! Mimi kila wiki nasaga mbu kwenye vijichupa, sampuli zinasafirishwa, wanaosoma jibu ni wengine. Nataka nilisome mwenyewe.

Dada Mwarobaini: Kaka, ruhusa ya masomo uliomba? Hapo mbona unaruka?

MtotoWaNgamiani: Niliomba. Nikaambiwa nisubiri bajeti.

Dada Mwarobaini: Ukasubiri?

MtotoWaNgamiani: Jumatatu nimepeleka barua ya saa 24, na mshahara wa mwezi nimewarudishia. Mama anajua niko likizo. Lakini nafasi ina tarehe yake, ningefanyaje?

Mpiga Debe: Chai hii! Umeshaacha kazi, unauliza uache? Na chikungunya ni jina la Kichina, Newala imeingiaje?

Mwana Newala: Kichina wapi? Kimakonde hicho, maana yake kujikunja. Bibi alikuwa akisimulia watu walivyokwenda kisimani wameinama, wameshika magoti.

Mpiga Debe: Haya, jina nimekubali. Barua ipige picha, ficha majina, tuione.

MtotoWaNgamiani: Barua siweki. Mama yuko uani anapepeta mchele, ameshaniuliza mara mbili koti langu jeupe mbona halijafuliwa wiki hii. Nimwambieje?

Bi Mkubwa: Zima simu, mwanangu. Kamshikie ungo, umwambie.