Seva iliyo Kakamega hupotea kila stima inaporudi, na saa ya kumbukumbu zake inanitatiza

fundi_kisumu

Wataalamu wenzangu, hamjambo. Ninatunza seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo iliyowekwa Kakamega, ilhali mimi hufanya kazi nikiwa Kisumu. Karibu kila jambo hulifanya kupitia BMC, yaani kile kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya seva ambacho hunipa skrini na kibodi hata mfumo endeshi ukiwa umekwama.

Matatizo yangu ni mawili. La kwanza, stima ikipotea kisha ikarudi, seva huwaka na wanachama huhudumiwa kama kawaida, lakini anwani ya BMC haijibu tena mpaka nipande matatu hadi Kakamega, nichomoe waya wa stima na kuuchomeka upya. La pili ni saa. Juzi stima iliporudi, mlinzi wa usiku aliandika katika daftari lake saa 3:40 usiku, na kumbukumbu ya BMC inaonyesha seva iliwaka 03:40 PM. Tarakimu zinalingana, lakini hiyo PM inanisumbua, hasa kwa kuwa mfumo endeshi umeandika 21:40. Ukanda wa saa nilichagua Etc/GMT+3, kwa sababu Kenya iko saa tatu mbele, na seva ya muda ni ke.pool.ntp.org. Poti za 443, 623 na 5900, yaani milango ya mtandao ya kuifikia BMC, nimezifungua kwenye ruta ili niweze kuingia nikiwa mahali popote. Naomba mnielekeze nilipokosea.

saa_nakuru

Ndugu, nianze na saa, kwa maana kosa lako limejificha mahali ambapo msemaji wa Kiswahili hawezi kuliona kwa urahisi. Katika majina yanayoanza na Etc, alama imegeuzwa: GMT+3 maana yake ni saa tatu nyuma ya UTC, ile saa ya marejeo ya dunia, na aliye mbele kama sisi huandikwa GMT-3. Kwa hiyo stima iliporudi saa 21:40, ambayo ni 18:40 UTC, BMC iliondoa saa tatu badala ya kuziongeza, ikaandika 15:40. Kosa zima ni la saa sita. Sasa kumbuka kwamba sisi nasi tunapotaja wakati tunatofautiana na saa ya mitambo kwa saa sita hizo hizo, na ndiyo sababu tarakimu za mlinzi na za BMC zilifanana kabisa ingawa saa ya BMC ilikuwa imepotoka.

Chagua Africa/Nairobi. Ikiwa menyu yako haina majina ya miji, weka tofauti ya +03:00. Hatuna mabadiliko ya saa ya majira, kwa hiyo hutahitaji kuigusa tena. Kisha ingia kwenye mfumo endeshi, utoe amri ya `timedatectl` na uhakikishe kwamba saa ya ubao mama inahifadhiwa kwa UTC, kwa sababu ikihifadhiwa kwa saa ya Nairobi na BMC nayo ikaongeza tatu, utakuwa umehesabu mara mbili. Mwisho linganisha na `ipmitool sel time get`, amri inayoonyesha saa ya kumbukumbu za BMC.

kebo_bungoma

Mimi nijibu hilo la kupotea, kwa kuwa limenisafirisha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tazama mpangilio wa tundu la mtandao la BMC. Bila shaka umewekwa kwenye failover: BMC ikiamka, hukagua kama tundu lake maalumu lina mawasiliano, na isipoyaona huhamia tundu la kwanza la seva, ambalo wewe umelipangia mtandao mwingine. Stima inaporudi, BMC huamka kabla ya swichi ya mtandao kumaliza kuwaka, kwa hiyo hukuta tundu limekufa, huhama, na haikagui tena. Ukichomoa na kuchomeka upya, swichi tayari iko hai, ndiyo maana mambo hurudi sawa. Badilisha iwe dedicated, yaani itumie tundu lake maalumu pekee, na usiache nafasi ya kuchagua. Hata UPS, ile betri ya akiba, haitakuokoa hapa ikiwa betri yake itaisha kabla ya stima kurudi.

mlinzi_busia

Ndugu wa Kisumu, tafadhali funga poti hizo leo hii kabla hujashughulikia jambo jingine lolote. Poti 623 ya UDP ndiyo ya IPMI, itifaki ya kuongoza seva kwa mbali kupitia BMC, na katika toleo la 2.0 mtu yeyote anayelijua jina la mtumiaji anaweza kuiomba BMC alama fiche ya nenosiri lake kabla hajathibitishwa, kisha akalivunja taratibu akiwa kwake. Huo ni udhaifu wa itifaki yenyewe, kwa hiyo hata ukisasisha programu hautaondoka. Hizo ni akiba za watu.

Weka WireGuard, yaani njia fiche ya kuingia kwenye mtandao wako (VPN), kwenye ruta, ufungue poti moja tu ya UDP, 51820, na BMC uiache kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa na mwingine. Muda iuchukue kutoka kwa ruta kupitia poti 123, isitoke nje kabisa. Angalizo moja: WireGuard hukataa salamu yenye wakati ulio nyuma ya ule iliowahi kuupokea, na ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Kwa hiyo upande wa Kisumu ndio uanzishe mawasiliano, la sivyo ruta ya Kakamega itakataliwa kila stima inaporudi, mpaka ipate wakati sahihi.

fundi_kisumu

Nawashukuru sana. Poti nilizifunga usiku ule ule, na nenosiri nimelibadilisha. Jana nilikwenda Kakamega nikaweka dedicated na Africa/Nairobi, kisha nikazima swichi kuu ya ukutani na kuiwasha tena nikiwa nimesimama mbele ya kabati. Taa ya tundu la BMC ilikaa giza kwa muda mrefu hata nikaanza kuwa na wasiwasi, lakini swichi ya mtandao ilipomaliza kuwaka nayo ikawaka kijani, na simu yangu ikafungua ukurasa wake kupitia WireGuard. Kumbukumbu imeandika 11:22 AM. Mlinzi wa mchana ameandika saa 5:22 asubuhi.