Mjadala: Ukumbi wa chuo ukodishiwe sherehe, au utengewe sanaa?

Mtoa mada

Wadau, salaam. Kituo cha wanafunzi chuoni kina ukumbi, jukwaa, taa na spika. Kwenye vyuo vingi hapa Dar ratiba ya ukumbi huo imejaa harusi, sendoff na makongamano ya watu wa nje. Wanafunzi wa sanaa wanafanyia mazoezi ya ngoma kwenye maegesho, na gari likija wanahama.

Msimamo wangu ni huu: ukumbi utengewe siku moja ya kila wiki ya muhula, tuseme Alhamisi, na siku hiyo asikodishiwe mtu hata akija na fedha maradufu. Onesho lianze saa 11 jioni, liishe saa 1 na nusu, watu wawahi daladala. Mwanafunzi aingie bure, na jirani wa Sinza, Manzese au Changanyikeni aingie bure vilevile.

Nakazania siku kuliko kitu kingine chochote. Onesho linalotangazwa jana yake hupata marafiki wa waigizaji, basi. Lakini watu wakishajua kwamba kila Alhamisi kuna kitu, watakuja hata bila kuuliza kuna nini, na hapo ndipo mshairi asiyejulikana anapopata wasikilizaji.

Na tusijifanye hii ni anasa. Ebrahim Hussein, aliyesoma na kufundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tamthilia yake ya *Kinjeketile* ilichapishwa 1969 na mpaka leo inasomwa. Miaka ya 1980 Amandina Lihamba na Penina Muhando Mlama, walimu wa chuo hichohicho, walifanya kazi ya sanaa na wanakijiji wa Malya, Mwanza, na Msoga, Pwani. Wanakijiji walitumia ngoma na michezo yao wenyewe kujadili matatizo yao. Chuo kilikwenda kwa watu. Sasa watu wako ng'ambo ya uzio tu, na sisi tunawafungia geti.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka fedha. Fedha za kukodisha ndizo zinazonunua mafuta ya jenereta, ndizo zinazolipa walinzi, usafi na fundi mitambo. Bajeti ikibana, fungu la utamaduni ndilo linalokatwa kwanza. Ukiondoa Alhamisi nne kila mwezi, unapunguza mapato halafu hapohapo unaongeza matumizi. Nani atafidia? Hata hilo la majirani, sina chuki nao, ila ukumbi ukijaa wageni na kikatokea kitu, atakayeitwa kujieleza ni Mshauri wa Wanafunzi.

Mchangiaji wa pili

Siku maalumu naiunga mkono. Ninachouliza ni nani atapanga. Serikali ya wanafunzi ikiachiwa, fedha yote itaishia kwa msanii mmoja wa Bongo Fleva usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Utawala ukiachiwa, tutabaki na ngoma ya dakika tano ya kumpokea mgeni rasmi. Na singeli, ule muziki wa kasi, mtaiweka wapi? Imetoka uswahilini kwetu, Manzese na Tandale, leo inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya, lakini wakubwa wengi wakiisikia wanawaza vigodoro tu, zile sherehe za mtaani za kukesha.

Mtoa mada

Nashukuru, hoja nzito zote.

Kuhusu fedha: harusi za mji huu ni Jumamosi, sendoff nyingi ni Ijumaa. Sijaomba siku hizo. Kinachoguswa Alhamisi ni makongamano, na hayo mengi yameisha kabla ya saa 11 jioni. Kwa hiyo tunazungumzia saa mbili na nusu za jioni. Gharama ya fundi mitambo ipo, nakubali, na inaweza kutolewa kwenye asilimia ndogo ya kila harusi inayofanyika humohumo. Wageni waandikishe majina getini kama wanavyofanya wakija kwenye makongamano. Mbona huko hatuogopi?

Kuhusu mpangaji: kamati ndogo yenye wanafunzi wa sanaa walio wengi, mhadhiri mmoja, fundi wa ukumbi, na mtu mmoja kutoka serikali ya mtaa jirani. Fundi nimemweka makusudi, kwa sababu maonesho mengi huharibikia kwenye maiki, si kwenye kipaji.

Singeli iingie, tena mapema. Waalikwe watayarishaji wenyewe watuoneshe wanavyofika mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kisha wapige, watu wacheze. Wiki inayofuata iwe ngoma ya mdundiko ya Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii, uongozwe na wazee wanaoujua. Mitihani ikikaribia tuweke ushairi na filamu, kelele zipungue.

Mchangiaji wa kwanza, kama una njia ya kuzipata, tuletee hesabu za Alhamisi peke yake, kuanzia saa 11 jioni, kwa muhula uliopita. Tuanzie hapo.